Kulikabili giza la ndani ili upone kihisia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wanaohimizwa "wazame ndani yao" hawaelezwi watatokaje. Msimamo wetu ni huu: kinachoponya ni kuingia kidogo, kwa kipimo, ukiwa unaijua njia ya kutokea. Anayezama mara moja hadi chini kwa kawaida hurudi ameumia zaidi, kisha hataki tena kusikia habari hizi. Majibu yote yaliyo hapa yanafuata msimamo huo.

Giza la ndani ni nini hasa?

Ni yale yaliyomo nafsini mwako ambayo umezoea kuyafungia mlango: hasira unayoikana, wivu unaoona haya kuutaja, hofu, tamaa, msiba ambao hukuwahi kuulilia, jambo ulilotendewa au ulilomtendea mtu. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi aliyeishi kati ya 1875 na 1961, alikiita kitu hiki kivuli, na jina hilo limeenea.

Mengi huanza kujificha utotoni. Mtoto anayegombezwa kila akilia hujifunza kumeza machozi. Anayeambiwa anajidai kila akifanya vizuri hujifunza kujikunyata. Wakishakuwa watu wazima, yule wa kwanza hawezi kulia hata mazikoni, na yule wa pili hukataa kila nafasi ya kuongoza bila kujua sababu. Mfano huo wa pili tumeuweka makusudi. Jung mwenyewe alisisitiza kwamba kivulini hamna ubaya mtupu. Ujasiri, ucheshi, ubunifu na uwezo wa kusema "sitaki" navyo hufungiwa humo, na mara nyingi ndivyo mtu anavyovikosa zaidi.

Kwa nini nisiliache tu lilipo?

Mengine yanaachika. Mtu aliyepitia jambo gumu, akaendelea na maisha, analala vizuri na anaelewana na watu wake, hana deni la kufukua chochote. Shida inakuja pale kuficha kunapokuwa kazi ya kila siku.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani Daniel Wegner na wenzake waliwataka washiriki wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na wapige kengele kila dubu huyo akiwajia akilini. Kengele ziliendelea kulia. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, alizidi kuwajia kuliko alivyowajia watu walioruhusiwa tangu mwanzo. Wazo linalozuiwa linahitaji mlinzi wa kudumu, na mlinzi huyo ndiye anayelikumbuka kila dakika. Hisia nazo ni hivyo hivyo. Uchunguzi wa James Gross juu ya watu wanaozuia nyuso zao zisionyeshe hisia mbaya ulionyesha kwamba hisia yenyewe haipungui, huku mwili ukihangaika zaidi.

Kisichopata njia ya kutajwa hujitafutia njia nyingine: ukali kwa watoto wasio na kosa, pombe ya kila jioni, kazi isiyo na mapumziko, usingizi unaokatika usiku wa manane, maumivu ya kichwa au tumbo ambayo vipimo havioni chanzo chake. (Vipimo vifanywe kwanza, tafadhali. Usimalize kwamba ugonjwa ni wa hisia kabla daktari hajakupima.)

Nitalitambuaje, wakati lenyewe limejificha?

Kwa nyayo zake. Ya kwanza ni hasira isiyolingana na kosa: mtu amechelewa dakika kumi, wewe unatetemeka. Ya pili ni kosa lile lile kukuudhi kwa watu tofauti, kazini, nyumbani, hata barabarani. Nyani haoni kundule. Tabia unayoikemea kwa nguvu kuliko wenzako wote inafaa kuulizwa kama nawe huna mbegu yake. Ya tatu ni sentensi ya "mimi siwezi kamwe kufanya hivyo" inayotoka haraka mno. Nyayo nyingine ni wivu, mzaha unaouma watu, na mwili unaobadilika mada fulani ikitajwa: koo kubana, taya kukaza, usingizi wa ghafla.

Tahadhari moja, maana kanuni hii imetumika vibaya sana. Si kila kinachokuudhi kwa mwenzio ni chako. Mtu akikupiga, akikudharau au akikuibia, hasira yako inakupa habari za kweli juu yake. Anayekwambia "unaona kivuli chako tu" ili akwepe kosa lake, usimkubalie.

Kuna watu wasiopaswa kuanza peke yao?

Wapo. Tafuta mtaalamu kwanza ikiwa:

- una mawazo ya kujiua, au unajikata au kujiumiza kwa namna yoyote (hili halisubiri; ongea na mtu leo na ufike hospitali);
- unasikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, au umewahi kupata vipindi vya msisimko uliopitiliza bila kulala;
- kwa wiki mbili au zaidi huwezi kula, kulala au kufanya kazi kama kawaida kwa sababu ya huzuni;
- bado unaishi na anayekudhuru. Hapo kazi ya kwanza ni usalama, na kufukua hisia kunaweza kukupunguzia tahadhari unayoihitaji;
- unakunywa pombe nyingi kila siku. Wala usiiache ghafla bila daktari, kwa kuwa mwili uliozoea pombe nyingi unaweza kupata degedege.

Aliyepatwa na janga wiki hizi hizi naye asubiri. Ilidhaniwa zamani kwamba kumkalisha mtu mara moja baada ya tukio na kumtaka asimulie yote humkinga. Tathmini za kitabibu zimeonyesha kuwa kikao cha namna hiyo hakizuii kiwewe (jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha), na baadhi ya watu huwazidishia. Siku hizo za mwanzo mtu anahitaji usingizi, chakula, watu wake na utulivu.

Niandae nini kabla ya kuanza?

Daftari moja lisilosomwa na mtu mwingine, kalamu, na saa yenye kengele. Mahali penye mlango unaofungika. Mtu mmoja unayemwamini, aliyeambiwa tu kwamba unafanya kazi ngumu ya moyoni na huenda ukampigia simu. Si lazima ajue undani. Na jambo la kawaida la kufanya mara tu ukimaliza, tena liwe la mikono au miguu: kufua, kutembea, kumwagilia mimea.

Usifanyie kitandani, na usifanye saa mbili za mwisho kabla ya kulala. Akili iliyofunguliwa usiku haina muda wa kujifunga, na kitanda kikishahusishwa na uchungu usingizi unakimbia.

Kisha chagua ukubwa wa jambo. Andika mambo kama sita yanayokusumbua, uyape alama kutoka 0 hadi 10, ambapo 10 ni jambo usiloweza hata kulitaja bila kuishiwa pumzi. Anza na la 3 au 4. Kosa tunaloliona zaidi ya mengine yote ni mtu kuanza na la 9, kwa hoja kwamba "ndilo lenyewe". Ndilo lenyewe kweli, lakini halifai kuwa la kwanza, maana mbinu hizi zinahitaji kuzoewa kwenye jambo ambalo ukikosea bado unaweza kusimama. La 9 na la 10 ni ya kufanyia na mtaalamu.

Kikao kimoja kinakwendaje?

Tenga dakika 40. Kati ya hizo, uandishi wenyewe ni dakika 15 hadi 20 tu.

1. Dakika 5 za kutulia. Kaa miguu yote ikigusa sakafu. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne, toa ukihesabu hadi sita. Kutoa kurefu kuliko kuvuta ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo.
2. Weka kengele ya dakika 15. Andika tukio moja mahususi: lini, wapi, nani alisema nini. Usiandike "maisha yangu ya ndoa". Andika ile Jumapili jioni. Andika kilichotokea na ulichohisi, vyote viwili. Usirekebishe tahajia.
3. Ukikwama, jaza sentensi hizi: "Nisichotaka mtu ajue ni…", "Chini ya hasira hii kuna…", "Mwilini ninaisikia…", "Sehemu hii yangu inajaribu kunilinda na…"
4. Kengele ikilia, maliza sentensi uliyonayo, kisha simama hapo. Hata kama umepata moto. Hasa kama umepata moto.
5. Dakika 5 za kutaja. Soma ulichoandika mara moja, kisha andika majina ya hisia tatu ulizoziona na alama ya kila moja. "Vibaya" si jina la hisia. Tafuta lililo sahihi: fedheha, upweke, kijicho, kinyongo, majuto, woga, hamu.
6. Dakika 10 hadi 15 za kurudi. Funga daftari, liweke mahali pake, nawa uso, fanya lile jambo la mikono.

Hatua ya tano watu huiruka, wakati ina kazi kubwa. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walionyesha, kwa kupiga picha za ubongo, kwamba mtu anayetaja kwa neno hisia iliyo kwenye uso anaoutazama hupata mwamko mdogo katika amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na vitisho.

Mpangilio wa uandishi unatokana na kazi ya James Pennebaker na Sandra Beall iliyochapishwa 1986: dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika tukio pamoja na hisia zake ndio walioenda zahanati mara chache katika miezi iliyofuata. Uchunguzi mwingi umefanywa tangu hapo, na faida yake kwa wastani ni ya kiasi. Huu ni msaada wa kweli, ila si tiba ya kila kitu. Fanya siku tatu au nne kwa jambo moja, kisha pumzika wiki nzima. Kuandika uchungu kila siku kwa miezi si kazi hii tena.

Naomba kuona ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri.

Huu tumeutunga kwa ajili ya mafunzo. Mwandishi wake amemwona mwenzake wa kazi akipandishwa cheo:

"Nimekasirika. Amepewa nafasi niliyoistahili. Ana kelele nyingi mbele ya wakubwa. Taya limekaza, tumbo la moto. Chini ya hasira: kijicho, 7. Chini ya kijicho: aibu. Sikuomba ile nafasi. Nilikaa kimya nikisubiri waione kazi yangu. Kwa nini sikuomba? Nilipoomba kitu waziwazi nikiwa na miaka kama tisa, niliambiwa nina tamaa, na wote wakacheka. Sehemu hii inanilinda nisichekwe tena. Ninachotaka: kuulizwa. Hakuna atakayeniuliza. Kesho nitamuuliza mkuu wa idara nafasi nyingine itatangazwa lini."

Angalia mambo mawili. Mwenzake anatajwa katika mistari ya mwanzo tu, halafu anatoweka. Ukurasa ambao adui yupo mpaka mstari wa mwisho haujashuka bado. Pili, mwisho wake ni kitendo kidogo chenye siku yake. Hajaandika "nitajiamini zaidi", maana hilo halina mahali pa kuanzia.

Baada ya kuandika najisikia vibaya kuliko mwanzo. Nimekosea?

Huenda hujakosea. Huzuni na uchovu kwa saa moja au mbili ni kawaida. Hata katika uchunguzi ule wa 1986 walioandika mambo mazito walitoka wakiwa na huzuni zaidi siku ile ile. Kinachoangaliwa ni mwelekeo. Pima alama kabla ya kikao, mara baada yake, na asubuhi inayofuata. Ikipanda kisha ikashuka kufikia asubuhi, uko sawa. Ikibaki juu siku mbili, jambo ulilochagua ni kubwa mno: shuka hadi la alama ndogo au punguza muda uwe dakika 8. Ukianza kukosa usingizi, kukwepa watu au kutamani kujiumiza, acha kabisa na umwone mtaalamu.

Nikizama katikati ya kikao, mwili unatetemeka au nahisi kama sipo, nifanye nini?

Acha kuandika. Usijaribu kumalizia. Fumbua macho, simama, kanyaga sakafu kwa nguvu. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa, kimoja unachokionja. Sema tarehe ya leo, umri wako na mahali ulipo: "Ni leo, nina miaka arobaini, niko chumbani kwangu." Maji baridi usoni husaidia kushusha mapigo ya moyo haraka, ila mwenye ugonjwa wa moyo asitumie ya barafu. Kisha mpigie yule mtu wako.

Kosa la kawaida hapa ni kufumba macho na kuvuta pumzi ndefu ndefu za haraka. Kufumba macho humrudisha mtu kwenye kumbukumbu, na kuvuta pumzi nyingi kwa haraka huleta kizunguzungu na ganzi vidoleni, naye akadhani anakufa. Hali hii ikijirudia mara kwa mara, ni dalili kwamba kazi yako inahitaji mtu wa pili chumbani.

Kulikabili giza kunatofautianaje na kuwaza lile lile usiku kucha?

Hapa ndipo wengi wanapopotea wakidhani wanafanya kazi. Kidonda kinachochokonolewa kila saa hakifungi, na kuwaza kwa kurudiarudia ndiko kuchokonoa kwenyewe. Susan Nolen-Hoeksema alitumia miaka mingi kuchunguza tabia hii, akaonyesha kwamba huirefusha na kuizidisha sonona.

Kipimo ni rahisi: baada ya dakika 20, je, una sentensi mpya ambayo hukuwa nayo mwanzo? Kama huna, ulikuwa unazunguka. Sababu mara nyingi ni swali lenyewe. "Kwa nini mimi?" na "kwa nini niko hivi?" hayana jibu, kwa hiyo akili huyarudia. Badilisha: "Nini kilitokea hasa?", "Nilihisi nini wakati huo?", "Nilihitaji nini ambacho sikukipata?", "Leo naweza kufanya lipi?"

Njia nyingine iliyochunguzwa na Ethan Kross ni kujizungumzia kwa jina lako badala ya "mimi". Mtu anaandika jina lake na kuuliza: "Alikuwa anaogopa nini siku ile?" Umbali huo mdogo unatosha kumtoa ndani ya tukio na kumweka kando yake, na ushauri anaojipa huwa wa mtu mwenye busara zaidi. Na weka mpaka wa saa. Wazo likija usiku, liandikie mstari mmoja kwenye karatasi, uliahirishe hadi kikao.

Nikipiga mto au kupiga kelele, hasira itaisha?

Hapana, ingawa ushauri huu unatolewa kila mahali. Mwaka 2002 Brad Bushman alichapisha jaribio ambapo watu waliokasirishwa walipiga gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi. Walitoka na hasira zaidi na ukali zaidi kuliko waliokaa tu bila kufanya kitu. Kupiga huku unamfikiria ni kuufundisha mwili kwamba hasira na ngumi vinakwenda pamoja. Shusha kwanza joto la mwili kwa matembezi ya polepole na pumzi, ndipo uisikilize hasira inadai nini. Karibu kila mara inadai mpaka uliovukwa, na mpaka hulindwa kwa maneno yaliyo wazi.

Napata mawazo ya kutisha, hata ya kumdhuru mtoto wangu. Hilo ndilo giza langu la kweli?

Swali hili huulizwa kwa aibu kubwa, nalo linastahili jibu lenye faraja. Mawazo yanayopenya ghafla bila kukaribishwa, ya kumsukuma mtu barabarani, ya kumdhuru unayempenda, ya matusi katikati ya sala, huwapata watu wa kawaida kwa wingi. Stanley Rachman na Padmal de Silva walilionyesha hilo tangu 1978. Wazo si nia. Kule kukutisha kwake ni alama kwamba linapingana na unachokithamini.

Kwa hiyo usilichimbue kutafuta maana, wala usijithibitishie kwa kujichunguza kila saa au kuficha visu. Kujichunguza huko ndiko kunakolikuza. Liite "wazo tu", liache lipite, endelea na ulichokuwa ukifanya. Likishakula zaidi ya saa moja ya siku yako, au likikulazimisha matendo ya kurudia, hiyo ni hali inayotibika vizuri, mwone mtaalamu. Hali ni tofauti kabisa ikiwa unataka kutenda, unapanga, au sauti inakuamuru, na pia ikiwa mama aliyejifungua karibuni anaanza kuamini mambo ya ajabu juu ya mtoto. Hapo nenda hospitali mara moja, na mtoto asiachwe peke yake na mgonjwa.

Nilimkosea mtu sana. Nikabili vipi aibu hii?

Tenganisha kwanza hatia na aibu. Hatia husema "nilifanya vibaya". Aibu husema "mimi ni mbaya". Kazi ya June Tangney imeonyesha kuwa hatia humsukuma mtu kurekebisha, wakati aibu humsukuma kujificha au kumgeuzia mwenzake lawama. Andika basi kosa kama tendo, lenye tarehe na madhara yake, bila sifa za kujitukana. "Nilisema uongo, akapoteza kazi" ni sentensi unayoweza kuifanyia kitu. "Mimi ni mnyama" haifanyiki chochote.

Kuomba radhi kuna sehemu zake: taja kosa lenyewe, taja lilivyomuumiza, usitie neno "lakini", toa fidia inayowezekana, sema utabadili nini, halafu usimdai msamaha. Ana haki ya kukataa. Ikiwa kumtokea kutamtonesha au kumhatarisha, usimtafute. Fidia inaweza kufanywa kwa njia nyingine. Na kuna makosa ambayo mahali pake ni kwenye vyombo vya sheria, si daftarini.

Nikijisemea maneno ya upole ndiyo kwanza nabanwa kifua. Kwa nini?

Aliyekua akipewa upole na kipigo na mkono ule ule, mwili wake husoma upole kama dalili ya hatari. Paul Gilbert, aliyejenga tiba inayotumia huruma, ameieleza vizuri hofu hii ya huruma. Usilazimishe. Anza na sauti isiyo kali wala tamu: "Hili ni gumu. Ninaliangalia." Baada ya wiki kadhaa ongeza neno moja la upole, kama ambavyo ungemwambia rafiki mwenye shida hiyo hiyo.

Kukubali giza si ndiyo kulipa ruhusa?

La. Kukubali kwamba una kijicho hakumaanishi kumharibia mwenzio. Wanaotenda madhara kwa urahisi mara nyingi ni wale wasioamini kwamba wanaweza kuyatenda, kwa hiyo hawajiwekei ulinzi. Hisia zote zinaruhusiwa kuwepo, lakini si matendo yote. Mtu akikwambia "nimekubali kivuli changu, ndivyo nilivyo" huku akiendelea kuwaumiza watu, hajafanya kazi yoyote.

Je, inapingana na imani ya dini?

Kuihesabu nafsi, toba na ungamo ni mambo ya zamani kuliko saikolojia, na wengi hufanya vyote bega kwa bega. Angalia tu ibada isitumike kukwepa, kwa mfano kutangaza umesamehe siku ya pili ilhali hujathubutu hata kusema uliumizwa.

Nina hakika kuna jambo lilinitokea utotoni nisilolikumbuka. Nilifukue?

Usifukue. Kumbukumbu haikai ikisubiri kama picha ndani ya kabati. Hujengwa upya kila ikiitwa, na inapokea vipande visivyo vyake. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell walichapisha jaribio ambapo takriban robo ya washiriki 24 walifikia "kukumbuka", kikamilifu au kwa sehemu, kwamba walipotea dukani wakiwa wadogo, jambo ambalo halikutokea. Kulazwa usingizi wa kiini macho (hypnosis) ili "kumbukumbu zifunguke", au kuambiwa na mshauri kwamba dalili zako zinathibitisha ulidhulumiwa, kunaweza kukuachia kumbukumbu ya uongo inayouma kama ya kweli na kuvunja familia. Hili halina maana kwamba waliodhulumiwa wanatunga. Wengi wao wanakumbuka vizuri mno, na wanastahili kuaminiwa. Fanyia kazi unachokikumbuka na kinachokusumbua sasa. Vinatosha kuponya.

Nikiamua kumwona mtaalamu, nitegemee nini?

Mtaalamu mzuri hakukimbizi. Judith Herman, katika kitabu chake cha 1992 juu ya kiwewe, aliipanga safari kwa hatua tatu: usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kwa watu na maisha. Kwa kiwewe zipo tiba zilizopimwa, kama ile ya kuikabili kumbukumbu hatua kwa hatua, ambayo kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 15 vya kama dakika 90, na ile ya kupima upya imani zilizotokana na tukio, kama vikao 12.

Muulize kikao cha kwanza: umesomea wapi na nini? Nikizama unafanya nini? Tunamalizaje kila kikao? Ni wakati gani utalazimika kumwambia mtu mwingine siri zangu? Ondoka ukiona anaahidi uponyaji kwa wikendi moja, anakulazimisha kusimulia yote siku ya kwanza, anakutaka uache dawa bila kumshirikisha daktari, au anakugusa au kukutongoza kwa kisingizio cha tiba.

Itachukua muda gani, na nitajuaje naendelea?

Jambo la alama 3 linaweza kulegea ndani ya wiki chache. La utotoni huchukua miezi, wakati mwingine miaka. Usitafute dalili kwenye furaha. Tazama muda kati ya kuchokozwa na kujibu: ulikuwa hamna, sasa unapata pumzi moja, kesho mbili. Tazama kama unarudi haraka baada ya kukosea. Tazama kama unaweza kusimulia tukio lile ukiwa bado unamwona msikilizaji aliye mbele yako. Mizunguko mitatu ya siku nne ikipita bila badiliko lolote, usiongeze juhudi, tafuta msaada.

Nifanye nini na kurasa nilizoandika?

Faida haitegemei kuzihifadhi. Kama kuna uwezekano wa kusomwa na mtu atakayezitumia dhidi yako, zichane au zichome mara baada ya ile hatua ya kutaja hisia, ukibakiza karatasi ndogo yenye tarehe, hisia tatu na alama zake. Hizo zinatosha kukuonyesha mwelekeo. Barua uliyomwandikia aliyekuumiza usiitume siku hiyo wala wiki hiyo. Iache siku 30, kisha isome na mtu wako wa kuaminika kabla ya kuamua. Ukiandika kwenye simu, hakikisha maandishi hayanakiliwi moja kwa moja kwenye akaunti ambayo mwenzako naye anaifungua.